Mashine ya Kufyekea Majani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua na Baada ya Kuiwasha

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam, Tanga au Morogoro msimu wa masika, Jumamosi asubuhi hukosi kusikia mlio wa mashine ya kufyekea majani. Zamani ilikuwa zana ya shule, hoteli na manispaa. Siku hizi inauzwa karibu kila duka la zana za kilimo, na mwenye nyumba wa kawaida anaweza kuimudu. Swali linalobaki ni moja: ununue ya kwako, au uendelee kumwita kijana aje na yake?

Makala haya yanaanza na swali hilo. Kisha, ukiamua kununua, yatakueleza namna ya kuichagua, kuiwekea mafuta, kuitumia bila kuumiza mtu na kuitunza. Jambo moja ulishike tangu mwanzo: mashine hizi mara chache hufa kwa kazi. Nyingi huuawa na mafuta yaliyochanganywa vibaya na uchafu usiosafishwa. Ukiyamudu hayo mawili, hata mashine ya bei nafuu itakuhudumia misimu mingi.

Mashine yenyewe ikoje?

Ni bomba refu lenye injini ndogo ya petroli upande mmoja na kichwa kinachozunguka upande wa pili. Ndani ya kichwa umeviringishwa uzi mnene wa nailoni. Ukibonyeza kitufe cha mafuta, injini hupandisha mlio, klachi hushika, na kichwa huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kwa kasi hiyo, uzi ambao ukiushika mkononi ni laini hunyooka na kukata majani. Mmarekani George Ballas wa Houston ndiye aliyebuni zana hii mwaka 1971, baada ya kutazama brashi za mashine ya kuoshea magari zikizunguka.

Mashine nyingi huuzwa pamoja na kisu cha chuma. Kisu ni cha vichaka na magugu yenye shina gumu shambani. Uzi ni wa nyasi na magugu laini, nao ndio unaofaa kando ya ukuta, ngazi na vitalu vya maua. Kwa bustani ya nyumbani utautumia uzi karibu wakati wote.

Je, nahitaji ya kwangu?

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Tuseme kijana anakutoza shilingi 15,000 kila anapofyeka, naye huja mara 12 kwa mwaka, hasa wakati wa masika na vuli. Hiyo ni shilingi 180,000. Sasa tuseme mashine ni 350,000 na vifaa vya kujikinga ni 60,000, jumla 410,000. Kila ukifyeka mwenyewe, petroli, oili na uzi vikakugharimu 3,500, umeokoa 11,500. Itakubidi ufyeke mara 36 hivi, yaani miaka mitatu, ndipo urudishe fedha yako, na hapo hatujahesabu matengenezo.

Kwa hiyo, kama eneo lako ni dogo na hulifyeki mara kwa mara, kumwita kijana ni nafuu zaidi, na fyekeo la mkono linaweza kutosha. Mashine yako mwenyewe inalipa ikiwa una eneo kubwa, una kiwanja kingine ambacho hakijajengwa, au ndugu na majirani wawili watatu wamekubali kuchangia. Weka bei za mtaani kwako katika hesabu hiyo. Bei ya petroli Tanzania hutangazwa na mamlaka ya nishati, EWURA, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi; Kenya hutangazwa na mamlaka ya nishati ya huko, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi.

Nichague ipi?

Angalia kwanza ukubwa wa injini, unaoandikwa kwa CC. Kwa nyasi za nyumbani, injini ya CC 22 hadi 35 inatosha na ni nyepesi. Madukani utakutana zaidi na za CC 43 na 52. Hizo zina nguvu za shambani, lakini nyingi zina uzito wa kilo saba na kuendelea, na mgongo utaujua uzito huo baada ya nusu saa. Ibebe na mkanda wake begani kabla hujaulizia bei.

Angalia pili aina ya injini. Nyingi ni za tustroki, yaani zile ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli kabla ya kumimina kwenye tangi. Chache ni za fostroki: petroli hukaa peke yake kwenye tangi, na oili hukaa kwenye injini kama ilivyo kwa pikipiki nyingi za bodaboda. Fostroki hupiga kelele kidogo na haihitaji kuchanganya, ila ni ghali zaidi na oili yake lazima ibadilishwe kwa wakati. Muulize muuzaji swali hili waziwazi, kwa sababu kukosea hapa kunaua injini siku ya kwanza.

Kuhusu bei, mashine za kutoka China mara nyingi huwa kati ya laki mbili na nusu na laki tano za Tanzania, na zile za chapa kubwa kama STIHL au Husqvarna zinaweza kupita milioni. Tofauti utaiona kwenye mtikisiko, uimara na upatikanaji wa spea halisi. Chapa kubwa huigwa sana, kwa hiyo bei ikiwa ya chini mno jiulize kwa nini. Dai risiti ya EFD, kitabu cha maelekezo, na uandikiwe muda wa dhamana. Omba iwashwe mbele yako ikiwa ya baridi. Mlio ukiwa wa chini, kichwa kisizunguke. Kikizunguka, marekebisho yanahitajika kabla hujalipa. Mwisho, ulizia kama duka lina kabureta, plagi na kichwa cha uzi vya mashine hiyo hiyo.

Ninunue nini kingine?

Usitoke dukani bila miwani ya kufunika macho yote, kinga ya masikio na glovu. Uzi hurusha kokoto na vipande vya chupa kwa nguvu inayoweza kutoboa jicho, na miwani ya jua haisaidii kitu. Mlio wa injini hizi kwa kawaida hupita desibeli 90, wakati kelele ya desibeli 85 kwa saa nyingi inatosha kudhuru masikio. Nyumbani tafuta suruali nzito na gambuti au buti. Kandambili na kaptura ziache ndani. Gambuti zina faida ya ziada: kifutu hupenda kujilaza kwenye majani marefu, na hakimbii upesi akisikia mtu.

Mafuta nichanganye vipi?

Hapa ndipo mashine nyingi hufia. Katika injini ya tustroki, oili iliyo ndani ya petroli ndiyo pekee inayolainisha pistoni. Ukimimina petroli tupu, pistoni itapata moto na kukwama kwenye silinda ndani ya muda mfupi. Mafundi husema injini imenoki, na mara nyingi gharama ya kuifufua hukaribia bei ya mashine mpya.

Soma kitabu kinataka uwiano gani. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli. Wa 40 kwa 1 ni mililita 25. Wa 25 kwa 1 ni mililita 40. Kwa lita tano za uwiano wa 50 kwa 1, utaweka mililita 100. Huhitaji kipimo cha gharama: bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa linapima sawasawa. Liandike kwa kalamu kuwa ni la oili na lifungie mbali na watoto.

Oili iwe ile iliyoandikwa 2T kwenye chupa, na ukiona alama za JASO FC au FD, ni ya ubora mzuri. Oili ya injini ya gari haifai. Wakazi wa pwani wawe makini na oili ya mashine za boti iliyoandikwa TC-W3. Imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji, na mashine yako inapozwa na hewa, hivyo hupata joto kali zaidi. Kama huna uhakika wa uwiano, kuzidisha oili kidogo kuna madhara madogo kuliko kuipunguza: itatoa moshi na kuchafua plagi, lakini haitanoki.

Chukua petroli kwenye kituo unachokiamini, na uende na dumu lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Wakati wa kujaza liweke chini, lisikae ndani ya bajaji au juu ya pikipiki. Kamwe usihifadhi mafuta kwenye chupa ya soda au ya maji, maana mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Nyumbani tia oili kwanza na petroli kidogo, tikisa, ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Changanya ya mwezi mmoja tu, kwa sababu petroli iliyokaa sana hupoteza nguvu na kuacha utando kwenye kabureta.

Uzi huwekwaje?

Kwa bustani nyingi, uzi wa unene wa milimita 2.4 unatosha. Mashine ndogo hupenda 2.0, na kubwa huweza 3.0. Usizidishe kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, kwa sababu uzi mnene kupita kiasi huilemea injini na kuichosha klachi. Wa duara hudumu zaidi. Wenye pembe hukata kwa ukali lakini huisha haraka.

Zima injini, toa kifuniko cha plagi, kisha fungua kichwa. Kata uzi wa urefu ulioelekezwa, mara nyingi mita tatu hadi tano, ukunje karibu na katikati, na ushikize mkunjo kwenye mwanya wa kigurudumu. Viringisha kwa kufuata mshale, kwa kukaza na bila kupishanisha. Acha ncha mbili zitokeze nje kiasi cha shibiri moja, kisha funga. Kwenye vichwa vingi, uzi ukipungua unagonga kichwa chini taratibu huku kikizunguka, nacho hutoa mwingine.

Uzi uliokaa kwenye joto la stoo hukauka na kukatika hovyo. Uloweke kwenye maji usiku kucha kabla ya kuutumia; nailoni hunywa unyevu na kurudia ulaini wake. Usithubutu kuweka waya wa chuma au kebo ya breki ya baiskeli badala ya uzi. Kipande kikikatika huruka kama risasi, na hakuna nguo itakayokizuia.

Naiwashaje?

Iweke chini mahali pasafi, kichwa kikiwa hakigusi kitu. Washa swichi. Minya kipira cha kuvutia mafuta mara tano hadi kumi, mpaka uyaone yakipita. Funga choki, yaani kizuizi cha hewa kinachoongeza mafuta injini ikiwa baridi. Shika mashine imara kwa mkono, kisha vuta kamba kwa nguvu lakini usiifikishe mwisho wake, na uirudishe taratibu. Ukiiachia ghafla inaweza kukatika. Baada ya mivuto mitatu hadi mitano injini itakohoa. Fungua choki, vuta tena, nayo itawaka. Iache ipate joto kwa dakika moja hivi. Ikiwa ilikuwa inafanya kazi na umeizima muda mfupi uliopita, huhitaji choki.

Nifyeke namna gani?

Kwanza tembea eneo zima. Okota mawe, chupa, waya na vipande vya mabati. Tafuta mabomba ya maji yaliyopita juu ya ardhi karibu na mita, kwa sababu uzi huyakata bila shida. Sogeza gari na fungia mifugo. Watu wote wakae umbali wa mita 15. Mtu akikusogelea, zima kwanza ndipo mzungumze.

Kisha tazama mshale juu ya kichwa. Mashine nyingi zenye bomba lililonyooka huzungusha kichwa kinyume na mwendo wa saa. Za namna hiyo fyeka ukitoka kulia kwenda kushoto, na urudi kulia bila kukata, ili majani yaangukie upande uliokwisha kufyekwa. Tembeza mwili mzima badala ya kurusha mikono. Acha ncha ya uzi ndiyo ikate. Ukizamisha kichwa ndani ya majani, uzi utajifunga na injini italemewa. Nyasi ndefu zikate kwa awamu, juu kwanza, chini baadaye. Ukoka usiutoe zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja, la sivyo utabaki na vipara vya manjano.

Kuwa na huruma na miti. Uzi ukizunguka shina la mwembe mchanga au mpapai huchuna ganda, na ganda likikatika pande zote mti hufa, hata kama mwanzoni utaonekana mzima. Palilia kwa mkono nusu mita kuzunguka kila shina, utandaze majani makavu, na mashine isifike hapo.

Ngao ya plastiki iliyo nyuma ya kichwa usiitoe, ingawa utaona wengi wakifanya hivyo. Mbali na kuzuia kokoto, ina kiwembe kidogo kinachokata uzi uliozidi. Bila hicho uzi hurefuka, injini hulemewa, na klachi huungua. Pumzika kila baada ya nusu saa, maana mtikisiko wa muda mrefu hudhuru mishipa ya vidole. Subiri umande ukauke ndipo uanze, na usiwashe mashine ndani ya stoo, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Niitunzeje?

Kila baada ya kazi, iache ipoe, kisha ifute majani kwenye kichwa na kwenye mapezi ya kupozea injini. Baada ya saa nane hadi kumi za kazi, au mapema zaidi kama kuna vumbi, toa chujio la hewa. La sponji lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa ndipo ulirudishe. Kila baada ya saa 20 hadi 25, fungua skrubu ndogo kwenye giaboksi iliyo karibu na kichwa, uongeze grisi. Plagi itoe mara kwa mara uitazame: ya kahawia ni nzuri, nyeusi yenye oili inahitaji kusafishwa au kubadilishwa. Nunua yenye namba ileile iliyoandikwa juu yake.

Kiangazi kikiingia na hutaitumia kwa zaidi ya mwezi, toa mafuta yote kwenye tangi, kisha iwashe ijizimikie yenyewe ili kabureta ibaki kavu. Dakika hizo chache zitakuokolea pesa ya fundi masika yajayo.

Ikigoma je?

Anza na vitu rahisi. Swichi imewashwa? Mafuta yapo, na si ya zamani? Kama umevuta mara nyingi na unasikia harufu kali ya petroli, injini imezidiwa mafuta. Toa plagi uikaushe, weka swichi kwenye kuzima, fungua choki, vuta kamba mara kadhaa, rudisha plagi, washa swichi, ujaribu tena. Ikiwaka kisha ikazima, chunguza chujio dogo lililo ndani ya tangi na tundu la hewa la mfuniko. Ikikosa nguvu, chujio la hewa au ekzosi imeziba. Ikitikisika ghafla, zima papo hapo. Kichwa kimelegea au kimepasuka. Ukiyapitia yote hayo bila mafanikio, mpelekee fundi wa injini ndogo, na umweleze ulitumia mafuta ya uwiano gani.

Ukishakuwa nayo, majirani watakuja kuiazima, na ni vyema kusaidiana. Ila usimkabidhi mtu mashine tupu akajitafutie petroli. Mpe pamoja na dumu la mafuta uliyochanganya mwenyewe, miwani na kinga ya masikio, na umwonyeshe ngao ilipo. Yeye akulipe mafuta. Mashine irudi ikiwa hai.